Pichi na Kijani Kwenye Ukuta wa Mwalimu Rut

Jumatatu, 2 Juni 2025

Vidonge vitatu, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai. Nimemeza. Siku ya 50.

Nesi Jubilate ndiye aliyeniambia nishike daftari hili, niandike kila siku nisije nikaruka dozi ya kifua. Basi huwa naandika mstari mmoja na kufunga. Leo mstari mmoja hautoshi. Kuna kitu.

Nimefika Matema jana na mfuko wangu wa brashi. Kazi ni ya Mwalimu Rut, mstaafu, mjane. Chumba kimoja tu, dirisha linatazama ziwa. Dada yake mkubwa, Mama Damaris, amefinyanga vyungu kule Ikombe maisha yake yote, na mwezi wa tatu akaanguka akavunjika nyonga. Hatembei tena. Mwalimu anamleta akae naye. Boti itamvusha Jumamosi.

— Atalala humo anaangalia ukuta uleule mpaka Bwana amchukue, Mwalimu akasema. Siwezi kumpa ukuta wa ovyo.

Anasita kati ya rangi mbili. Pichi — ule wekundu hafifu wa chungu kabla hakijaingia motoni. Na kijani chepesi. Hataki maelezo, anataka kuona. Zote mbili ukutani, bega kwa bega, akae nazo siku mbili tatu kisha aamue.

Nikachanganya uani mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa yangu. Kyela nzima wanasema yule fundi wa kike, Tulinagwe, hahitaji karatasi ya dukani, anachanganya kwa jicho. Nyeupe. Tone la nyekundu, tone la njano. Nikakoroga. Haikushika. Tone lingine. Haikushika. La tatu, la nne... Mwalimu akatoka jikoni mbio — fundi! Unataka dada yangu alale ndani ya nyanya?

Nikacheka. Nikasema jua limenipiga machoni. Nikaongeza nyeupe, nikaongeza, mpaka akasema hapo, hapohapo. Yeye ndiye aliyesema hapo. Si mimi.

Kijani nikachanganya kwa kuhesabu matone, kama nilivyofundishwa chuoni. Nikapaka vipande viwili pembeni mwa dirisha, kila kimoja ukubwa wa meza. Nikaacha vikauke. Saa tisa nikaingia.

Kipande kimoja. Niliona kipande kimoja kirefu! Rangi ya uji. Mstari wa katikati niliuona kwa sababu brashi imeacha ukingo, basi. Si kwa sababu ya rangi.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu. Akashusha pumzi. Akasema sasa kazi ipo, maana ziko mbali kama mbingu na ardhi na zote nzuri.

Nikasema ndiyo mama.

Ndiyo mama!


Jumanne, 3 Juni

Vidonge vitatu. Nimemeza. Siku ya 51.

Nimejipima tangu kumekucha. Nimeziba jicho la kulia — uji. Nimeziba la kushoto — uji, ila ule wa jicho la kushoto ni mzito zaidi, kama mtu kaupaka vumbi katikati. Nimesogea mpaka pua inagusa ukuta. Nimetoka nje nikahesabu hadi mia, nikarudi kwa ghafla kama anayetaka kumfumania mtu. Uji.

Nikashuka ufukweni. Usipa, dagaa wa ziwa letu, umeanikwa kwenye mchanga, mwingi, unang'aa. Nauona vizuri! Nikafurahi. Halafu nikafikiri: usipa hauna rangi.

Kwenye genge nikaomba nyanya zilizoiva. Mwenye genge akasema chagua, mama. Nikachagua kwa kubonyeza. Akaniuliza mbona nazitesa nyanya zake.

Milima ipo palepale, imesimama juu ya kijiji. Najua ni ya kijani. Mwezi wa sita mvua imeisha juzi tu, lazima iwe ya kijani. Najua. Siioni.

Niandike na hili, kwani nani atasoma. Mkojo. Nilipoanza dawa ulikuwa rangi ya chungwa kabisa, nesi alinionya mapema nisiogope. Wiki mbili zilizopita ukarudi wa kawaida. Nikafurahi, nikajua mwili umeizoea dawa. Leo nimekaa chooni nimeangalia, nimeelewa. Haujarudi kuwa wa kawaida. Ni mimi ndiye nisiyeona uchungwa.

Wiki mbili!

Na Jubilate alisema. Siku ile ya kwanza alisema mengi — viungo vitauma, mkojo utabadilika, na macho. Macho hasa. Ukiona yanafifia au rangi hazieleweki usikae hata siku moja, njoo. Alisema. Mimi nilikuwa namtazama Edwin, mume wangu, anavyojikaza asilie mbele ya nesi. Sikusikiliza.

Basi najua. Na sijaenda. Kwa nini?

Kwa sababu zimebaki siku tano. Jumapili ninamaliza hivi vidonge vikubwa, Jumatatu wananihamishia kwenye vile vichache. Siku tano tu! Na wakinikatisha je, kifua kikarudi? Mwezi wa pili nilikohoa kwenye beseni nikaona damu, na ile damu niliiona nyekundu, nyekundu kabisa. Naiogopa kuliko kitu chochote.

Na nikitamka neno macho, litakuwa kweli. Nisipotamka, labda ni jua.


Jumatano, 4 Juni

Vidonge. Siku ya 52.

Upepo wa mwera tangu asubuhi, mawimbi yanapiga kelele hadi ndani.

Mwalimu anaziangalia rangi zake kama mtu anayechagua mkwe. Asubuhi anasimama mlangoni. Adhuhuri anakaa kwenye kigoda. Ananiuliza — wewe ndiye fundi, mwanangu, unaonaje? Namjibu kwa kumbukumbu. Nasema pichi inapasha chumba joto, kijani kinatuliza. Maneno ya chuoni. Anaitikia kwa kichwa, anaridhika.

Akasema sehemu mbili hazijafunika vizuri, plasta inachungulia, niongeze mkono wa pili. Sawa. Nilikuwa nimejiwekea alama, nimechora msalaba kwa msumari, msalaba ni kijani. Nikachukua kopo lenye msalaba nikapaka kipande cha kijani. Nikachukua lingine nikapaka cha pichi. Nikajiona nina akili.

Msalaba niliuchora kwenye kifuniko. Kwenye kifuniko! Si kwenye kopo! Na Mwalimu ni mtu wa usafi. Asubuhi alifuta makopo yote mawili, akaosha vifuniko, akavirudisha kinyume.

Akaingia na sahani ya wali. Akasimama. Mimi bado nina brashi mkononi.

— Fundi. Umezibadilisha?

Nikasema nimezigeuza makusudi mama, uone kila moja ikiwa upande wenye mwanga.

Uongo ulitoka wenyewe, mwepesi, kama nimeuandaa wiki nzima. Akaweka sahani chini polepole. Hakuangalia ukuta. Aliniangalia mimi.

Edwin alipiga jioni. Yuko Karonga, Malawi, anauza mchele wake, atarudi wiki ijayo. Akauliza sauti yangu ina nini. Nikasema mtandao.

Nabonyeza kalamu kwa nguvu sasa, herufi zisinipotee. Karatasi ya nyuma imetoboka.


Alhamisi, 5 Juni

Vidonge. Siku ya 53.

Mwalimu amenikamata.

Baada ya chai akasema twende chumbani tumalize habari ya rangi. Makopo mawili alikuwa ameyapanga kwenye kigoda, wazi, bila vifuniko. Yeye akaegemea dirisha.

— Nipe la kijani.

Nikauliza kwani mama ameamua kijani?

— Nipe tu nilishike.

Nikayatazama. Uji na uji. Nikainama kama nakoroga, nikanusa. Yananuka sawa. Nikakumbuka pichi niliiongezea nyeupe nyingi ile siku ya nyanya, kwa hiyo pichi itakuwa ndiyo iliyojaa. Nikachukua lililopungua nikampa. Kwa kujiamini kabisa!

Akalishika. Akaliinamisha kidogo.

— Hili ni pichi, mwanangu. Nililipunguza alfajiri, nikamimina nusu kwenye jagi. Nilijua utaangalia ujazo.

Akalirudisha kopo kigodani.

— Tangu lini?

— Tangu lini nini, mama?

— Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Mtoto asiyeona ubao namjua kabla mama yake hajajua. Anacheka ovyo. Anakubali kila kitu. Ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Tangu lini?

Nikakaa sakafuni palepale, juu ya magazeti. Nikasema wiki mbili, labda zaidi. Nikasema ni dawa. Akauliza dawa za nini.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka.

— Kifua kikuu.

Akarudi nyuma. Hatua moja. Sidhani alitaka, miguu ilirudi yenyewe. Akashika dirisha, lilikuwa wazi tayari, akalisukuma zaidi.

— Na Damaris anakuja Jumamosi, akasema. Mzee. Mgonjwa.

Nikasema mama, siambukizi tena, nesi alisema, zile wiki za mwanzo zilishapita, mtu akimeza dawa vizuri —

— Nesi alisema. Wewe ulisema lini?

Akatoka.

Nilibaki pale chini sijui muda gani. Nilimsikia uani anaongea na simu kwa Kinyakyusa, anamwambia mwenye boti asubiri kwanza, kuna jambo. Baadaye chakula kikaletwa mlangoni kwangu. Kikombe ni kingine, kile kilichomeguka mdomo, sijawahi kukiona mezani kwake. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe binti yangu Gloria nilimpeleka Ngana kwa bibi yake kabla hata ya kuambiwa, mtoto wa miaka minane, nikamwambia mama ana safari. Naujua huo woga. Lakini kile kikombe nilikigeuza, nikanywea upande mzima.

Saa kumi akarudi. Kajifunga mtandio mdomoni. Akasimama mlangoni.

— Huyo nesi wako ana simu?

— Anayo. Nitampigia Jumatatu, mama. Jumapili namaliza. Siku tatu tu.

— Siku tatu za nini? Za kumaliza dozi au za kumaliza macho?

Nikaanza kulia. Kwa sauti, kama mtoto. Nikamwambia nikiacha dawa kifua kitarudi, na nikiendelea nitapofuka, na nikipofuka ni nani atampa kazi fundi rangi kipofu, wanawake wenyewe katika fani hii hatufiki wawili Kyela nzima, watasema si tulisema! Akaniacha nimalize. Akasema hawezi kunilazimisha, mimi ni mama wa mtu. Lakini akasema anachojua ni kwamba mimi na yeye wote hatukusomea udaktari.

Akaenda kumwagilia mchicha wake. Namwona kupitia dirisha. Anamwagilia mahali pamoja tu, maji yanatiririka.


Ijumaa, 6 Juni

Saa moja kasoro. Vidonge vitatu viko mezani. Sijameza.

Haijawahi kutokea.

Naviangalia. Zamani vilikuwa na rangi kama ya matofali. Sasa ni kama vijiwe vya ufukweni. Kimojawapo ndani yake kinanila macho na kinaniokoa kifua, na vyote vimekandwa pamoja, siwezi kung'oa kibaya nikaacha kizuri.

Nimeona nimpigie. Simu inaita.

...

Saa kumi alasiri, Kyela, nyumbani.

Niandike haraka kabla sijachanganya.

Jubilate alipokea kabla simu haijaita mara ya tatu. Nikasema habari za asubuhi, nikasema rangi. Hilo tu — nesi, rangi. Akaniuliza, umemeza za leo? Nikasema ziko mbele yangu.

— Usimeze.

Miezi miwili ananiambia meza, meza, usiache kumeza. Leo usimeze.

— Njoo sasa hivi. Si kesho.

Mwalimu alikuwa ameshaita bodaboda! Kabla sijamwambia. Alisimama getini, mtandio mdomoni, akaninyooshea mkungu mdogo wa ndizi kwa mkono mrefu, mbali. Nikamshukuru, ndaga fijo, mama. Nilipopanda akaja karibu, karibu kabisa, akaniingizia ncha ya kanga isinaswe na mnyororo. Akarudi nyuma tena.

Njia nzima niliangalia mikakao. Matunda yaliyoiva na mabichi — yote mamoja.

Kituoni Jubilate alifunga mlango akatoa kitabu. Kila ukurasa duara lenye vidoti. Akasema kuna namba ndani yake, nisome. Ukurasa wa kwanza nikaona kumi na mbili! Nikasema kwa furaha, kumi na mbili! Akafunua wa pili. Vidoti tu. Wa tatu. Vidoti. Wa nne, wa tano, wa sita. Nikaanza kukisia — nane? Tano? Akasema usikisie, mama Gloria. Mwishoni nikamuuliza mbona ule wa kwanza niliuona vizuri. Akasema ule kila mtu anauona.

Daktari akaja, akaniuliza, akaandika. Ile dawa inayodhuru macho imekatwa leo. Nimepewa vidonge vya sanduku lingine, nianze kesho, kifua hakitaachwa bila dawa. Hilo nilimfanya alirudie mara tatu. Na barua ya rufaa, Mbeya, kwa daktari wa macho, Jumatatu asubuhi.

Nikamshika Jubilate mkono pale mlangoni.

— Yatarudi?

— Wengi yanarudi. Polepole. Miezi.

— Wengi?

— Wengi, dada yangu.

— Na wale wengine?

Akakunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Akaniuliza ulianza kuona hivi lini hasa. Nikasema nilijua Jumanne. Akauliza, mbona hukuja Jumanne? Nikasema nilikuwa na chumba cha watu.

Chumba!

Alimpigia Mwalimu Rut mwenyewe, mbele yangu, akamweleza kwamba mimi si hatari kwa dada yake. Waliongea muda mrefu. Mwalimu alikuwa na maswali yake, nasikia Jubilate anajibu ndiyo mwalimu, hapana mwalimu, kama yuko darasa la kwanza.

Halafu nikampigia Edwin. Nilisema yote bila kupumua. Upande wa pili malori yanapita. Akasema — ulinificha kikohozi miezi mitatu, Tulinagwe. Sasa macho. Ningeyajua lini? Ukinikanyaga njiani?

Nikasema nisamehe.

Akasema nakuja. Akakata.


Jumamosi, 7 Juni

Vidonge vipya. Nimemeza. Rangi yake siijui.

Nimerudi Matema. Mwalimu alipiga alfajiri akasema Damaris anavuka leo na chumba hakijapakwa, njoo, mikono yako haijaugua. Nilifika saa mbili. Mtandio ameuvua. Kikombe ni kilekile cha kumeguka. Basi.

Boti ilifika saa nne. Wanaume wanne walimbeba Mama Damaris kwenye kiti, mdogo, mkavu, mikono mikubwa ajabu kwa mwili ule. Nikapiga goti nikamsalimu, mugonile mama. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mgonjwa. Mwalimu akataka kumkatiza. Nikasema ndiyo, ni mimi. Akasema na yeye ni mgonjwa, sasa chumba chake kiko wapi?

Wakamweka katikati ya chumba kitupu mbele ya vile vipande viwili. Akaviangalia muda mrefu. Mwalimu alikuwa anang'ata kucha, kweli, mwanamke mzima! Akaanza kueleza, huu ni kama udongo wenu kabla ya moto, na huu... Damaris akasema udongo ameuangalia miaka sitini, Rut, nyamaza. Akanyanyua kidevu. Ile.

Upande gani? Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikuona kidevu kimeelekea wapi. Mwalimu akachukua kopo, akaenda uani, akachanganya ndoo nzima kwa mkono wake mwenyewe kwa kufuatisha kile kidogo, mimi nikimwambia koroga toka chini, usiharakishe, futa ukingo. Akaileta akaiweka miguuni pangu.

Nikaanza juu, kwenye pembe. Rola inanata vizuri, haidondoki. Ukuta wa kwanza, wa pili. Mwili unajua. Uzito wa rangi unaujua, mlio wa rola ikikauka unaujua. Kwa saa nzima sikuogopa. Halafu nikapanda ngazi kupaka juu ya dirisha, nikageuka kuangalia kazi yangu, kama ninavyofanya siku zote, na kulikuwa na kuta nne za uji zinanizunguka, hazina mwanzo wala mwisho, nikashika ngazi kwa mikono miwili, nisianguke.

Sikuuliza ni rangi ipi. Swali lilikuwa midomoni siku nzima. Kuuliza kungekuwa kama kusaini kwamba sioni.

Walipomwingiza jioni Damaris alisema eee. Hilo tu. Eee, ya kushusha pumzi. Mwalimu akalia. Mimi nikaosha brashi.


Jumapili, 8 Juni

Vidonge.

Nimepita Ngana kumwona Gloria. Alitoka mbio toka kanisani na gauni jipya, akazunguka mbele yangu mara mbili. Mama, bibi alisema utaipenda rangi yake!

Nikasema naipenda sana, mwanangu.

Nimemwangalia usoni mpaka akasema mama mbona unanitisha. Alama ya tetekuwanga juu ya nyusi. Jino linalotoka upande. Nimeyashika yote.

Nimekohoa mara mbili njiani. Ni vumbi. Ni vumbi tu.


Jumatatu, 9 Juni. Mbeya, kliniki ya macho.

Vidonge nimemeza ndani ya gari.

Edwin alifika jana, hajalala. Hajanigombeza tena. Ananishika kiwiko kila tunapovuka barabara, kama mimi ni kikongwe, na ninamwacha anishike.

Herufi za ukutani: jicho la kulia mstari wa nne. La kushoto wa pili, tena ile herufi ya katikati ilikuwa haipo kabisa, nikaiona nilipotazama pembeni. Msichana anayepima aliandika. Hakuinua uso.

Daktari ni kijana, mpole. Alinimulika kwa taa, muda mrefu sana kushoto. Aliniuliza kama nimewahi kuambiwa nina tatizo la figo. Sijawahi! Kwa nini figo? Akasema ile dawa hutolewa mwilini na figo, watachukua damu, tusikimbilie mbele. Kisha wakanitia matone. Nikae nje nusu saa, mboni zifunguke, halafu aangalie kwa ndani kabisa. Nisiogope, vitu vya karibu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, ni matone tu.

Ni matone tu.

Na ukungu umeanza. Mwanga wa dirishani unachoma. Mistari ya daftari inaondoka mmoja mmoja. Nitajuaje, matone yakiisha, ni ukungu upi wa kwao na upi wangu?

Edwin ananisomea mabango ya ukutani, sijamwomba. Wapimeni watoto wenu macho mapema. Vaa miwani ya jua. Anasoma polepole, kila neno, anafika mwisho anaanza upya. Nimemwambia basi. Akasoma tena, kwa sauti ndogo.

Dirishani kwa wahudumu wanabishana faili la nani limepotea. Mzee wa jirani anasema yeye anakuja mwaka wa tatu huu.

Daktari alipita na ile picha ya ndani ya jicho langu la kushoto waliyoipiga kabla ya matone, akaingia chumba cha pili kwa mkubwa wake. Mlango haukufunga vizuri. Nasikia sauti mbili. Wanaongea Kiingereza. Nashika neno langu moja moja — kushoto. Wiki. Halafu yule mkubwa ameuliza mama huyu ana watoto?

Edwin amesikia. Ameacha kusoma.

Mlango umefunguka. Nimesimama, nimeshika daftari kifuani.

Hawakuniita mimi. Wamesema mume wake aje kwanza. Peke yake.

Ameniketisha. Ameniambia sekunde moja. Mkono wake una baridi. Nimeona koti jeupe na shati la Edwin, vimeingia, vimekuwa kitu kimoja, mlango umefungwa. Umefungwa vizuri mara hii, sisikii kitu, naandika sioni naandika nini, nahisi kalamu imetoka nje ya karatasi iko kwenye goti langu na bado naandika